Boti ya kwenda kwetu kupiga kura: naipa nyota nne

Wiki hii peke yake watu watatu wameniuliza boti gani nzuri ya kwenda kisiwa cha Pate, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja naandika hapa mara moja tukamaliza. Mimi naishi Amu mjini, yani Lamu, lakini kura yangu iko kwetu, wadi ya Faza, na hii boti nimeipanda mara nyingi tu, harusi, matanga, Idi, ila safari mbili ndo zinafaa kusimuliwa: ya tarehe 8 Agosti 2022 mkesha wa kura, na ya Disemba 2025 nikiwa na binamu yangu anayekaa Marekani. Jina la boti sitaji. Nahodha ni mtu mzima ana wajukuu, na mimi kesho keshokutwa nataka kupanda tena. Wanaoijua wataijua, ile yenye tandabelua la turubai la buluu lililotoboka kule nyuma, ukikaa hapo jua linakuchoma bega moja tu.

Nauli siku za kawaida ni mia tano. Mkesha wa kura tukaambiwa mia nane, kuuliza kwa nini, mafuta, haya, mafuta yamepanda tangu jana jioni? Nyota nusu imetoka hapo hapo na sirudishi. Mpesa anapokea lakini namba ni ya mkewe, usishtuke jina la mwanamke likitokea, mimi mara ya kwanza nilidhani nimekosea nikaanza kupiga simu kurudishiwa pesa, aibu tupu.

Laifu jaketi zipo. Ziko chini ya mbao za mbele, zimefungwa kamba, na juu yake kuna magunia ya simiti. Nimesema nahodha asikie mwenyewe, zivalishwe watu kabla ya kuondoka gatini, haswa Agosti. Maana Agosti ni kusi, ule upepo wa kusini unaochafua bahari, nyinyi wa Nairobi mnaokuja kwetu Disemba bahari imelala mnapiga picha hamjui kusi ni nini. Uchaguzi wetu katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na aliyeandika hivyo nadhani hakuwahi kupanda boti, kwa sababu huo ndo wakati mawimbi yanakupiga usoni mpaka kitambulisho unakifunga kwenye mfuko wa plastiki unakitia kifuani.

Sasa safari ya 2022. Tulitoka saa tano asubuhi, tumejaa, watu wengi walikuwa wametoka Mombasa na Malindi kwa basi usiku kucha wakaunganisha na boti, wamechoka, watoto wanatapika. Nahodha hakusema neno njia nzima. Alisimama nyuma na usukani wake anaangalia maji tu, wimbi likija anapunguza mashine, likipita anaongeza, na wallahi tulilowa lakini hatukuogopa. Mwezi wa angani ulikuwa na siku kumi hivi, maji yanapanda kwenda bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, kwa hivyo tulipofika kwenye ule mkono wa bahari unaoingia kwetu katikati ya mikoko maji yalikuwa yamejaa vizuri, tukaingia moja kwa moja mpaka nchi kavu bila kuvua viatu. Kwa ubaharia nampa nyota tano, hilo sina ubishi.

Na alitusubiri mpaka tukapiga kura. Hiki ndo kitu kinachofanya nimtetee hata nikimlalamikia. Kulikuwa na boti nyingine siku hiyo, ya bure, imetolewa na mgombea mmoja, nauli hakuna, juu yake pilau na fulana, ila kurudi ukaseme umempigia nani. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema wazi kumpa mtu pesa au chakula ili kura yake igeuke ni kosa, anayetoa na anayepokea wote, lakini pilau la bure baharini nani atalikamata. Shangazi yangu aliniambia nipande ile nihifadhi hela. Nikamwambia shangazi, mia nane hii nnalipa ili nikifika nisiwe na deni la mtu. Akacheka akapanda ya bure. Alipiga kura anavyotaka yeye, na fulana kampa mwanawe ya kuchunia samaki.

Siku yenyewe ya kura nieleze kidogo kwa ambao hawajapiga. Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi vinafungwa saa kumi na moja jioni, ukiwa kwenye foleni wakati wa kufunga unahudumiwa hata usiku ukiingia. Unaweka kidole kwenye mashine, ikikutambua unapewa karatasi sita. Sita. Bibi yangu alikuwa amezikariri kwa rangi kama mtoto wa chuoni: nyeupe rais, buluu gavana, manjano seneta, kijani mbunge, zambarau mwakilishi wa wanawake, na ile ya rangi ya mchanga ni ya MCA, mwakilishi wa wadi, yule tuliyezoea kumwita diwani. Kila sanduku na kifuniko cha rangi yake, halafu wino kidoleni, basi. Karatasi ya mchanga ndo ya mwisho na watu wengi wanaitia alama haraka haraka wameshachoka, wamemaliza la rais roho imetulia.

Mimi hiyo ndo nnayoisafiria. Nieleweke. Kura ya rais ningeweza kuipiga hapa Amu nikirudi nyumbani kupika, nchi nzima ni wapiga kura milioni 22 na kitu waliojiandikisha 2022, yangu moja ni tone. Lakini wadi yetu ni watu wachache, na Lamu Mashariki ni kati ya majimbo yenye wapiga kura wachache kabisa Kenya nzima, wadi tatu tu, Faza, Kiunga na Basuba. Kaunti nzima wadi kumi kati ya 1,450 za nchi. Na zahanati, chekechea, maji, barabara ya kijijini, hata gati ndogo za boti kama hii, katiba ya 2010 imeyaweka yote kwenye mikono ya kaunti. Mwaka 2017 ugavana wa Lamu ulitoka kwa Issa Timamy ukaenda kwa Fahim Twaha kwa kura chache mno, yani abiria wa boti chache tu, na 2022 Timamy akarudi. Boti ikikwama hapo mkononi saa tisa jioni siku ya kura, ujue kuna mtu matokeo yake yamekwama nayo.

Twende Disemba 2025. Binamu yangu anakaa Minneapolis miaka kumi na kitu, alikuja na wanawe, tukaamua kwenda kwetu. Hapa nahodha alinikera. Alitaka kupiga safari mbili siku moja, akatutoa asubuhi mapema mno, maji bado chini, tukafika mdomoni mwa ule mkono mikoko imesimama na mizizi nje kama kuku anayenyanyua miguu, tope tupu. Tukatia nanga. "Mai hayajajaa, saa moja tu." Ikawa mbili na robo. Choo hakuna, kivuli nusu, mtoto analia anataka chaji ya tableti. Nyota nzima imeondoka hapo. Ila stori zilizopigwa humo siku hiyo nisingezipata popote, kwa hivyo namrudishia nusu, ndo mana hesabu yangu ya nyota inaonekana ya kilevi.

Ilianza na baharia, kijana wa miaka kumi na tisa, anateka kwa kopo maji ya ngama, yale yanayoingia chini ya boti, mzee mmoja akamuuliza umeshajiandikisha? Maana usajili wa wapiga kura ulikuwa umefunguliwa tena tangu mwisho wa Septemba. Kijana akasema kitambulisho bado. Na boti nzima ikanyamaza kidogo, kwa sababu kila mmoja mle ana hadithi yake ya kitambulisho, sisi Wabajuni, watu wa visiwa hivi, tumehojiwa miaka na miaka, baba yako nani, babu yako kazikwa wapi, lete wazee wawili wakujue. Umri wa miaka kumi na minane ni mlango mmoja, kitambulisho ni mlango wa pili na ndo wenye kufuli. Mzee akamwambia mwanangu usichoke, rudi tena Jumatatu, na mimi ntakuja nawe.

Binamu akadakia, kule kwangu, jimbo la Minnesota, unaweza kujiandikisha siku ile ile ya kura pale pale kituoni, na kama huna karatasi ya kuonyesha unapokaa, jirani yako wa kituo hicho hicho aliyejiandikisha anaapa kwamba anakujua unakaa hapo, unapiga. Bibi mmoja aliyekuwa na kikapu cha maembe akainua kichwa. "Mimi ningewaapia ukoo mzima!" Wanane tu bibi, mwisho wanane. "Wanane? Mimi wajukuu peke yao ishirini na sita!" Boti ikacheka mpaka ikayumba.

Akaendelea kutueleza na mimi nilikuwa sijui haya. Kule hakuna tume moja ya nchi nzima inayopanga kila kitu, kila jimbo lina sheria zake. North Dakota hawajiandikishi kabisa, unakwenda na kitambulisho unapiga. Oregon karatasi zinaletwa nyumbani kwa posta. Magavana wengi wanakaa miaka minne lakini New Hampshire na Vermont ni miwili tu, Virginia na New Jersey wanachagua gavana mwaka ambao hauna rais wala bunge la kitaifa. Halafu kuna kura za mji, za bodi ya skuli, za mkuu wa polisi wa kaunti, hata mahakimu. "Hakimu anachaguliwa?" Ndiyo, sehemu nyingi. Mzee akauliza sasa hakimu naye anagawa fulana? Binamu hakuwa na jibu.

Mjini kwake Minneapolis meya na madiwani kumi na watatu wanachaguliwa mwaka wa witiri, usiogawika kwa mbili, Novemba, mbali na rais, na hawatii alama moja, wanapanga: huyu wa kwanza kwangu, akikosa kura yangu iende kwa huyu, akikosa kwa yule. Bibi wa maembe akaipenda sana hii. Akasema kwetu ingeponya ndoa, maana mkewe mtu ni wa ukoo huu na mumewe wa ukoo ule, kila mmoja angeandika wa kwake wa kwanza na wa mwenzake wa pili.

Lakini nani anakwenda kupiga? Hapo binamu akapunguza sauti. Anasema 2020 ya rais walijitokeza karibu theluthi mbili ya wote wanaostahili, 2022 isiyokuwa na rais haikufika nusu, na zile za bodi ya skuli na mji peke yake mara nyingi ni chini ya hapo, wanaokuja ni wazee wenye nyumba zao, vijana na wapangaji hawaonekani. Yani watu walewale wenye watoto skulini hawamchagui wa skuli. Mzee akavuta kofia yake akasema neno ambalo mimi nimelibeba mpaka leo: "Nyinyi kila mmoja mmempa boti yake, sisi tumewapakia wote boti moja."

Na kweli. Kwetu diwani anapanda boti ya rais. Watu wametoka kwa ajili ya rais, wameshafika, basi wanamchagua na diwani humo humo. 2022 walijitokeza asilimia 65 hivi ya waliojiandikisha, tumeshuka sana maana 2013 ilikuwa kama 86, lakini hao 65 wote wamepewa na karatasi ya MCA. Ukitaka kuona diwani au mbunge akisafiri peke yake angalia uchaguzi mdogo. Magarini hapo juu ya Malindi wamefanya wa kwao tarehe 27 Novemba 2025, baada ya mahakama kufuta ule wa 2022, na walikaa muda mrefu bila mbunge kwa sababu tume ya uchaguzi yenyewe haikuwa na makamishna tangu mwanzo wa 2023 mpaka Julai 2025. Kijana wa Magarini alikuwemo botini, amekuja kufanya kazi ya mawe, tukamuuliza ulikwenda kupiga? Akasema nauli ya kwenda na kurudi ni siku mbili za kazi, na tajiri halipi mtu aliyekwenda kupiga kura. Hakuna aliyemlaumu.

Kisha ikaja zamu ya binamu kuchekwa. Mzee akamuuliza, na kura ya hapa unapiga? Akasema mimi uraia wangu wa Kenya ninao, lakini aliye ng'ambo anapiga ya rais tu, na 2022 vituo vya Marekani vilikuwa Washington, New York na Los Angeles, kwangu hakuna. Kijana wa Magarini akasema mbona hata mfungwa jela naye anapewa ya rais tu. Kimya. Halafu bibi: "Kwa hivyo wewe na mfungwa ni mamoja, ila yeye kituo chake kiko karibu!" Maskini binamu, alicheka mpaka machozi, akajitetea kwamba Maine na Vermont kule mfungwa anapiga kila kitu akiwa ndani, lakini nani alikuwa anamsikiliza tena. Wanawe mpaka leo wanamwita mfungwa.

Maji yakajaa kidogo kidogo, mizizi ya mikoko ikazama, baharia akang'oa nanga. Tulipoingia bibi wa maembe alikuwa anahadithia wanawe binamu habari ya Bi Ruweida Obo, kwamba alikuwa rubani wa ndege, 2017 kachaguliwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, 2022 kaingia bungeni kuwa mbunge wa Lamu Mashariki, akasema mimi nimempa kura mara mbili kwa rangi mbili, zambarau kisha kijani. Yule mtoto wa kike akasahau tableti.

Nimeulizwa pia kama nitahamisha kura yangu niilete Amu niache kuteseka. Inawezekana, unaomba kwenye ofisi ya uchaguzi ya jimbo unalotaka kuhamia kabla hawajafunga daftari, haina malipo. Mume wangu ananiambia kila siku. Mimi nimekataa, mama yangu yuko kule, zahanati anayokwenda iko kule, sitaki diwani wake achaguliwe na watu wa boti ya pilau peke yao. Lakini simhukumu aliyehamisha, nauli ni nauli.

Mambo madogo madogo ya kumalizia. Njaa usitegemee botini, nunua mahamri gatini kabla ya kupanda, yule mama wa upande wa kushoto, yake yana iliki. Wazee wapewe mbao za katikati, hilo baharia analifanya vizuri bila kuambiwa. Mizigo ikilowa hakuna wa kumlalamikia. Miziki hakuna, alhamdulillahi. Ukikosa maji kabisa atakushusha Mtangawanda, gati nyingine ya kisiwa hicho hicho, na utapanda boda mpaka kwenu kwa hela yako, na hiyo boda huhesabiwi kwenye nauli, uliza mapema.

La mwisho ni la 2027. Kura ni tarehe 10 Agosti, nikamuuliza nahodha tulipokuwa tunashuka nafasi anashika lini. Hakunijibu, akaanza kuhesabu kwa vidole, mwezi, mwezi, akasema utaandama mwanzoni mwa Agosti, wataalamu wanasema tarehe 2 jua litapatwa, basi tarehe 10 mwezi una siku nane. Akatikisa kichwa. Maji mafu. Mkono wetu hautajaa wa kubeba boti iliyopakia watu hamsini, na kule nje ni kusi. Anasema yeye atapakia thelathini tu na ataondoka Jumamosi tarehe 7, anayetaka Jumatatu atafute Mtangawanda. Nimeshamwachia elfu moja ya nafasi mbili, yangu na ya yule baharia endapo kitambulisho kitatoka, maana mwaka huo anasema hataki kwenda kama baharia, anataka kukaa kwenye mbao za katikati kama abiria.